Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kati ya Dubai na Guangzhou

Njia ya anga kati ya Dubai, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, na Guangzhou, makao makuu ya jimbo la Guangdong kusini mwa China, ni miongoni mwa njia chache za ndani ya Asia ambazo wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanazifahamu vizuri kuliko barabara nyingi za nchi zao. Hata hivyo, maswali kuhusu umbali wake na muda wake hayaishi, na mengi yanatokana na kuchanganya mambo matatu: kilomita, muda wa kuwa angani, na saa zinazoandikwa kwenye tiketi. Katika majibu yafuatayo, saa iliyoandikwa kwa maneno, kama saa nne asubuhi, ni saa ya Kiswahili. Saa yenye nukta mbili, kama 10:50, ni ile inayosomeka kwenye tiketi. Na tarakimu peke yake, kama saa 7, ni urefu wa muda.

Umbali wa anga kati ya Dubai na Guangzhou ni kilomita ngapi?

Ukipima kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Dubai hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Baiyun kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, unapata takriban kilomita 5,840. Hizo ni kama maili 3,630 za nchi kavu, au maili 3,150 za baharini, ambazo ndizo wanazotumia marubani.

Mbona kikokotoo kimoja kinanipa 5,828 na kingine zaidi ya 5,840?

Kwa sababu baadhi ya vikokotoo huichukulia dunia kuwa mviringo kamili kama chungwa, ilhali dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake na kutuna kwenye ikweta. Vingine hupima kutoka katikati ya jiji hadi katikati ya jiji, wala si kutoka uwanja hadi uwanja. Tofauti hizo hazimhusu msafiri.

Ndege ya moja kwa moja huchukua muda gani?

Kutoka Dubai kwenda Guangzhou, tegemea saa 7 hadi saa 7 na nusu. Kutoka Guangzhou kurudi Dubai, tegemea saa 8 hadi saa 8 na nusu. Muda huo ndio unaotangazwa na mashirika, na huhesabiwa tangu ndege inapoondoka langoni hadi inaposimama langoni upande wa pili. Kwa hiyo ndani yake mna dakika za kutembea ardhini kuelekea njia ya kurukia, za kusubiri zamu ya kupaa, na za kuzungukazunguka angani kabla ya kuruhusiwa kutua. Ndege kubwa za njia hii husafiri kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa zikishatulia angani. Ukigawa 5,840 kwa 900 utapata takriban saa 6 na nusu, na salio linaliwa na kupanda taratibu, kushuka taratibu na foleni za viwanjani. Ndiyo maana abiria hutangaziwa mara kwa mara kwamba wamefika kabla ya wakati: shirika liliacha akiba kwenye ratiba, na siku hiyo akiba haikutumika.

Kwa nini kurudi kunachukua muda mrefu kuliko kwenda?

Sababu ni upepo. Katika latitudo hizi, kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa majira ya baridi mkondo huo hukaa kusini mwa milima ya Himalaya, juu ya uwanda wa kaskazini mwa India, yaani karibu kabisa na njia ya ndege hizi, na kasi yake inaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Ndege inayokwenda Guangzhou husukumwa nao kwa mgongo, kama jahazi linaloshuka na kaskazi. Inayorudi Dubai hukutana nao uso kwa uso. Ifikapo majira ya joto, mkondo huo huhamia kaskazini mwa nyanda za juu za Tibet, na tofauti kati ya kwenda na kurudi hupungua. Kwa hiyo aliyesafiri Januari na aliyesafiri Julai wanaweza kubishana juu ya muda wa njia hiyohiyo moja, na wote wawili wakawa wakweli.

Wapo wanaodhani kwamba kuzunguka kwa dunia kunahusika hapa, na kwamba ndege inayoelekea magharibi ingefaa ifike haraka kwa kuwa mji unaiendea. Fikra hiyo haina msingi, kwa kuwa hewa yote inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Mtu anayetembea ndani ya behewa la treni hafiki mbele ya behewa upesi zaidi au kwa kuchelewa kwa sababu treni inakwenda.

Ndege hupita juu ya nchi zipi?

Ukinyoosha uzi juu ya tufe kutoka Dubai hadi Guangzhou, uzi huo utakatiza Ghuba ya Oman, utagusa pwani ya Makran kusini mwa Iran, kisha utaingia Balochistan na Sindh nchini Pakistan, Rajasthan na Uttar Pradesh nchini India, utateleza kwenye mpaka wa India na Nepal, utapita Assam chini ya milima ya Bhutan, kaskazini mwa Myanmar, na hatimaye majimbo ya China ya Yunnan na Guangxi kabla ya Guangdong. Nusu ya safari inaangukia karibu na Chitwan, penye misitu ya vifaru wa Nepal. Miji yote miwili iko karibu na Tropiki ya Kansa, lakini uzi huo hupinda kaskazini na kufikia zaidi ya nyuzi 27 za latitudo. Kwenye ramani bapa unaonekana kama ndege imezunguka bure, ilhali anayefuata mstari ulionyooka wa ramani ndiye anayeongeza safari. Kwa njia hii ongezeko hilo lingekuwa dogo, kama kilomita 40 tu. Kwenye njia za karibu na ncha ya dunia hufikia maelfu.

Lakini uzi ni uzi, na rubani hafuati uzi. Hufuata barabara za angani zilizokubaliwa na mamlaka za nchi husika, na barabara hizo zina kona zake. Ndege nyingi huvuta kusini kidogo, hupita juu ya katikati ya India na Bangladesh, huvuka Myanmar na kuingia China upande wa Kunming. Kwa hiyo kilomita zinazosafiriwa hasa huwa nyingi kuliko zile 5,840, na hubadilika siku kwa siku.

Sababu moja ya kutoegemea zaidi kaskazini ni Tibet. Nyanda hizo kwa wastani ziko zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Ikitokea hewa ya ndani ya ndege ikavuja, rubani hutakiwa kushuka upesi hadi kimo cha kama mita 3,000, ambako abiria wanaweza kupumua bila barakoa za oksijeni; juu ya Tibet kimo hicho kimo ndani ya ardhi. Barakoa zinazoanguka kutoka darini hazitoi oksijeni kwa muda usio na kikomo, hivyo ni heri kupita mahali penye nafasi ya kushuka.

Kuna jambo jingine dogo ambalo abiria makini huweza kulihisi. China huhesabu vimo vya ndege kwa mita, ilhali jirani zake wa njia hii huhesabu kwa futi. Ndege inapovuka mpaka hubadili kimo kidogo ili iingie kwenye ngazi za Kichina. Ukisikia injini zikibadili sauti karibu saa 2 kabla ya kutua, huenda ni hilo tu.

Je, migogoro ya kisiasa inaweza kurefusha safari?

Naam, na imeshatokea. Pakistan ilifunga anga yake mwishoni mwa Februari 2019, baada ya mapigano kati yake na India, na haikuifungua kikamilifu hadi katikati ya Julai mwaka huo. Ndege za Ghuba zilizozoea kukatiza huko zililazimika kuteremka kusini juu ya Bahari ya Arabu. Njia ya Guangzhou ina nafuu kwa kuwa mchepuko wa kusini hauiongezei kilomita nyingi sana. Walioumia zaidi ni wa njia za Delhi na Ulaya. Kabla ya kusafiri nyakati za mvutano, angalia muda uliotangazwa kwa siku yako hasa, si ule uliouzoea mwaka jana.

Tofauti ya saa kati ya miji hii ni ipi?

Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4, na mbele ya Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Kampala kwa saa 5. Dubai haisogezi saa zake majira ya joto, wala China. Kwa hiyo tofauti hiyo ni ileile mwaka mzima. China nzima, kutoka Kashgar hadi Shanghai, hufuata saa ya Beijing, jambo ambalo halimsumbui aliye Guangzhou kwa kuwa jua lake halijaachana sana na saa hiyo.

Chukua mfano wa ndege inayoondoka Dubai 10:50, yaani saa nne na dakika hamsini asubuhi, na kusafiri kwa saa 7 na dakika 20. Kwa saa za Dubai itatua 18:10, lakini tiketi itaandika 22:10, yaani saa nne na dakika kumi usiku, kwa sababu tiketi daima huandika saa ya mahali husika. Nyumbani Dar es Salaam wakati huo itakuwa 17:10, saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Anayetoa 10:50 katika 22:10 atapata zaidi ya saa 11 na kudhani kwamba ndege inatua mahali njiani. Na anayefanya hesabu hiyohiyo wakati wa kurudi, kutoka 00:15 hadi 04:35, atapata saa 4 na dakika 20, kisha atashangaa ndani ya ndege mbona hawafiki. Kanuni ni nyepesi: ukienda mashariki, toa saa 4 katika hesabu yako, ukirudi magharibi, ongeza saa 4.

Tiketi yangu inasema 00:15 ya Jumanne. Niende uwanjani siku gani?

Nenda Jumatatu usiku. Swali hili ndilo lililopoteza tiketi nyingi kuliko mengine yote ya ukurasa huu, na chanzo chake ni sisi wenyewe na lugha yetu. Kwa mwenendo wa Kiswahili cha pwani, siku huanza jua linapotua, na saa sita na robo ya usiku huo tunaiita usiku wa kuamkia Jumanne, hapo hatukosei. Lakini mtu akisoma neno Jumanne kwenye karatasi, akaona na usiku, moyo wake humpeleka kwenye usiku unaofuata mchana wa Jumanne, ambao ndege wala haiujui. Mwandishi wa majibu haya aliwahi kufika Baiyun akiwa na mabegi mawili yaliyofungwa vizuri kwa utepe, akiwa amechelewa kwa saa 22 kamili, na mhudumu wa kaunta alilazimika kumwonyesha tarehe kwa kidole mara tatu. Tangu hapo, tiketi yoyote yenye saa kati ya 00:00 na 05:00 huiandikia pembeni kwa kalamu: usiku wa kuamkia. Ndege nyingi za kutoka Guangzhou kwenda Ghuba huondoka usiku, hivyo tahadhari hii si ya kupita tu.

Mbona tiketi imeandikwa CAN na si jina la mji?

Herufi hizo zinatokana na Canton, jina ambalo wazungu waliuita mji wa Guangzhou kwa karne nyingi. Dubai ni DXB. Ukiona DWC, huo ni uwanja mwingine wa Dubai, Al Maktoum, ulioko mbali upande wa Jebel Ali. Usiuchanganye na DXB, ulio jirani na mtaa wa Deira.

Ni mashirika gani yanayokwenda moja kwa moja?

Emirates, lenye makao yake Dubai, na China Southern, lenye makao yake Guangzhou. Uwanjani Dubai, Emirates hutumia Terminali 3, na mashirika mengi ya nje hutumia Terminali 1. Mashirika mengine huuza safari ya kuunganisha kupitia miji kama Doha, Bangkok au Kuala Lumpur, na bei huweza kuwa ya chini, ila safari ya saa 7 huwa ya saa 12 hadi 20. Mwenye mzigo wa sampuli na mkutano wa asubuhi apige hesabu ya usingizi pia.

Ninaanzia Dar es Salaam au Nairobi. Kupitia Dubai ni mzunguko mkubwa?

Dar es Salaam hadi Guangzhou kwa njia fupi ni takriban kilomita 8,700. Ukipitia Dubai, unasafiri karibu kilomita 3,970 za kwanza, kwa muda wa saa 5 na nusu hivi, kisha 5,840. Jumla ni kama 9,800. Mzunguko ni wa takriban kilomita 1,100, ambao kwa ndege ni saa 1 na dakika chache. Kinachokula muda ni kusubiri Dubai, si kilomita. Air Tanzania na Kenya Airways zimekuwa zikirusha ndege zake hadi Guangzhou bila kupitia Ghuba, lakini wafanyabiashara wengi bado hupenda Dubai kwa sababu wanayo shughuli huko pia: wananunua Deira, wanalinganisha bei za Dragon Mart, soko kubwa la bidhaa za China huko Dubai, ndipo wanaamua kama kuna haja ya kwenda China.

Ukiwa na tiketi moja kwa safari nzima, saa 2 hadi 3 za kuunganisha ndege Dubai zinatosha, na mzigo wako utahamishwa bila wewe kuugusa. Ukiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, hali ni nyingine kabisa: huenda ukalazimika kuingia nchini, kwa viza, kuchukua mabegi na kuyakabidhi upya, na ndege ya pili haina wajibu wa kukusubiri. Hapo chini ya saa 6 ni kubahatisha.

Nimefunga. Nifuturu kwa saa ya wapi?

Masheikh wengi husema kwamba msafiri hufuata jua analoliona pale alipo, na mwenye shaka amuulize sheikh wake, kwani hapa tunaweza kusema habari za jua tu. Ndege inayokwenda mashariki huukimbilia usiku. Ukiondoka Dubai 10:50 mwezi Machi, jua litakuzamia juu ya Myanmar karibu saa kumi alasiri kwa saa za Dubai, zaidi ya saa 2 kabla ya wale uliowaacha Dubai kufuturu. Kumbuka tu kwamba kutoka dirishani, kwa sababu ya kimo, jua huonekana dakika kadhaa baada ya kwisha kuzama kwa watu walio chini yako. Wakati wa kurudi mambo hugeuka: aliyeona jua likizama Guangzhou na kuliona likichomoza Dubai amepita katika usiku wa karibu saa 16.

Kutoka Baiyun hadi mjini ni muda gani?

Uwanja uko karibu kilomita 28 kaskazini mwa katikati ya jiji. Treni ya chini ya ardhi, laini ya 3, inafika uwanjani, lakini haikeshi. Anayetua saa nne usiku, akapita uhamiaji na kungoja mabegi, mara nyingi hukuta imekwisha na hubaki na teksi. Kwa wanaoshukia Sanyuanli au Xiaobei, mitaa ambayo Waafrika wengi huifahamu, kadiria kama nusu saa hadi saa 1 kwa gari kutegemea foleni.

Je, ni afadhali kushukia Hong Kong?

Dubai hadi Hong Kong ni takriban kilomita 5,930, hivyo angani tofauti haionekani. Kutoka hapo treni ya mwendo kasi hufika kituo cha Guangzhou Kusini kwa muda wa kama saa 1. Tatizo ni kwamba Hong Kong ina uhamiaji wake, na kuvuka kwenda Guangzhou ni kuingia China bara, kwa masharti yake ya viza. Bei ikiwa ya chini sana, ipime pamoja na nauli ya treni na foleni mbili za pasipoti.

Ni wakati gani ndege hujaa?

Maonyesho ya biashara ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka: Aprili hadi mapema Mei, na Oktoba hadi mapema Novemba. Siku za kuelekea maonyesho hayo viti hupanda bei. Wakati wa mwaka mpya wa Kichina, kati ya mwisho wa Januari na Februari, mambo ni kinyume kwa mfanyabiashara: viti vinaweza kupatikana, lakini viwanda na maduka mengi yamefungwa, na safari ya kilomita 5,840 huishia kwenye makufuli.

Kabla ya ndege, safari hii ilichukua muda gani?

Tangu karne ya 8 na ya 9, mabaharia wa Siraf, bandari ya Uajemi, na Sohar, bandari ya Oman, walikwenda Guangzhou, ambayo Waarabu waliiita Khanfu, kwa kungoja pepo zilezile mbili ambazo pwani yetu inaziita kusi na kaskazi. Mwaka 1980, merikebu iliyopewa jina la Sohar, iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari kama ilivyoshonwa mitepe ya kwetu, iling'oa nanga Oman mwezi Novemba kujaribu njia hiyo ya kale. Ilifika Guangzhou Julai 1981. Ilizunguka India na kupita mlango wa Malaka, kwa hiyo kilomita zake hazilingani na zetu. Lakini kwa sehemu ya safari hiyo ilikwama siku nyingi baharini ikisubiri upepo ugeuke, na ni upepo, ingawa ule wa kimo cha juu, unaomchelewesha abiria wa leo kwa saa 1.